Kabla ya Kuanzisha Blogu: Historia ya Watu Walioandika ili Kujijenga

Siku hizi vijana wengi wa Masisi na Walikale wanataka kuanzisha blogu za kufundishana maisha. Wapo walio vijijini na wapo walio ukimbizini. Mmoja anataka kuandika juu ya biashara ndogo, mwingine juu ya kushinda woga, mwingine juu ya kulea watoto wakati wa vita au kurudi shuleni baada ya kukatizwa masomo. Nia ni nzuri. Lakini wengi wanaanza kwa moto, wanaandika mara tatu, kisha wananyamaza. Wengine wanachukua mashauri yaliyoandikwa mbali na kuyabandika jinsi yalivyo: amka saa kumi na moja, fanya mazoezi ya viungo, andika malengo yako ya mwaka. Mashauri hayo yanamfikia mama ambaye tayari anaamka saa tisa usiku ili apate nafasi kwenye foleni ya maji, na ambaye hajui mwezi ujao atalala wapi. Anasoma mistari miwili, anafunga simu ili asimalize mega zake.

Tatizo halikuanza na blogu, na dawa yake pia haikuanza na blogu. Katika eneo letu na kwa majirani zetu kuna watu waliotumia kalamu ili wajijenge wenyewe na kuwajenga wenzao, miaka mingi kabla ya intaneti. Wengi wao hawakuwa na shule kubwa. Mmoja alikuwa karani wa forodha, mwingine karani wa posta, mwingine mfanyakazi wa nyumbani kwa Wazungu. Na mmoja, mtu wa Walikale, hakushika kalamu kabisa: alisimulia, wengine wakaandika. Tukiifuata historia yao tutaona namna mtu wa kawaida anavyoanza na namna anavyozidi kuwa bora.

Walikale, 1956: siku kumi na mbili za kusimulia

Tuanzie nyumbani. Katika misitu ya Walikale, Wanyanga wana masimulizi marefu wanayoyaita karisi. Msimulizi anasimulia, anaimba, anacheza, na watu wanamwitikia. Kwa kawaida karisi haisimuliwi yote kwa mfululizo. Usiku mmoja watu wanasikia kipande, siku nyingine kipande kingine.

Mwaka 1956, mtafiti Mbelgiji Daniel Biebuyck, aliyekuwa akifanya kazi kati ya Wanyanga, alikutana na msimulizi mmoja hodari aliyeitwa Rureke, maarufu kama Shekarisi. Kwa muda wa siku kumi na mbili Rureke alisimulia habari za Mwindo tangu mwanzo hadi mwisho, nayo ikaandikwa kwa Kinyanga, neno kwa neno. Baadaye Biebuyck na mwanaisimu Kahombo Mateene, ambaye mwenyewe ni Mnyanga, waliitafsiri na kuitengeneza. Mwaka 1969 ikatoka kama kitabu huko Marekani, ikiwa na maneno ya Kinyanga pamoja na tafsiri yake. Leo Mwindo anasomwa katika vyuo vikuu vya nchi nyingi, na watu ambao hawajui Walikale iko wapi wanalijua jina la Tubondo, kijiji cha baba yake.

Na habari yenyewe inahusu nini? Wazee wetu wanaijua. Chifu Shemwindo aliwakataza wake zake kuzaa mtoto wa kiume. Mwindo akazaliwa, tena akazaliwa akitembea na kusema. Baba akajaribu kumwua: akamtupia mkuki, akamzika, akamfungia ndani ya ngoma na kumtupa mtoni. Mtoto hakufa. Alikwenda kwa shangazi yake Iyangura, akakua, akarudi kumpiga vita baba yake, akamfuata mpaka kuzimu. Lakini hakumwua. Alimrudisha nyumbani, na mbele ya watu wote baba akakiri ubaya alioutenda. Kisha wakagawana utawala.

Mtu angedhani habari inaishia hapo, kwa ushindi. Haiishii hapo. Mwindo alikuwa na kasoro kubwa: majivuno. Baada ya kumwua dubwana la msituni, Nkuba, yaani radi, ambaye alikuwa rafiki wa dubwana hilo, alimchukua juu mbinguni. Huko Mwindo aliteswa na baridi, mvua na jua kwa muda wa mwaka mzima, akafundishwa kwamba nguvu bila heshima ni bure. Aliporudi duniani alikuwa mtu mwingine, akawapa watu wake sheria za kuishi pamoja kwa amani.

Hiyo ndiyo habari ya mtu kujijenga, na ilitoka msituni kwetu, bila kuomba mashauri ya mtu wa mbali. Inamfundisha pia anayetaka kuandika. Shujaa hakuwa mkubwa kwa sababu alijua kusema tangu kuzaliwa. Alikuwa mkubwa siku aliyokubali kufundishwa.

Kuna jambo la pili. Rureke alikuwa na hadithi kichwani mwake, lakini hadithi iliyo kichwani inakufa na mwenye kichwa. Tangu 1956 hadi leo, Walikale na Masisi zimepita katika vita nyingi: ile ya 1993, iliyoanzia Walikale na kuenea Masisi, zile za 1996 na 1998, na nyingine zilizofuata hadi miaka hii. Wazee wangapi wamefia njiani, au mahali pa ukimbizi, na masimulizi yao? Kile kilichoandikwa kwa siku kumi na mbili bado kipo.

Karani wa Tanga na gazeti la Mambo Leo

Sasa tuvuke mpaka, twende Tanganyika ya wakati wa Waingereza, kwa sababu huko ndiko watu wa kawaida walipopata mapema mahali pa kuandikiana kwa Kiswahili. Mwezi wa Januari 1923 lilianza Dar es Salaam gazeti la kila mwezi lililoitwa Mambo Leo. Lilikuwa la serikali, lakini wasomaji walilifanya kuwa lao. Walimu, makarani na watu wa vijijini walituma barua, mashairi, habari za mahali pao na maswali. Mtu aliyetuma shairi mwezi huu, mwezi ujao aliweza kusoma jibu la mtu asiyemjua, aliye mji mwingine, akimsifu au akimkosoa. Ilikuwa shule isiyo na madarasa.

Kati ya waliokulia katika shule hiyo ni Shaaban Robert, aliyezaliwa 1909 karibu na Tanga. Hakusoma chuo kikuu. Alikuwa karani wa serikali, kwanza katika forodha, kisha katika ofisi nyingine. Alifanya kazi mchana na kuandika katika saa zilizobaki. Alianza kwa mashairi ya magazetini, akaendelea hadi vitabu zaidi ya ishirini, na alipofariki 1962 alikuwa amekwisha kuwa mwandishi mkubwa kuliko wote wa Kiswahili wa wakati wake.

Wengi wanamkumbuka kwa Kusadikika. Lakini kwa mtu anayetaka kuandika juu ya kujijenga, mahali pazuri pa kuanzia ni kwingine. Ni Maisha Yangu, ambamo alieleza maisha yake mwenyewe kwa maneno ya kawaida, na zile tenzi mbili alizowaandikia watoto wake: Utenzi wa Hati, aliomwandikia binti yake, na Utenzi wa Adili, aliomwandikia mwanawe wa kiume. Mama wa watoto alikuwa amefariki. Baba alikaa chini akawaandikia watoto namna ya kuishi: heshima, kazi, usafi, maneno ya kusema na ya kutosema.

Tuangalie hapo vizuri. Hakuanza kwa kuandikia dunia nzima. Aliwaandikia watoto wawili ambao aliwajua, wenye uchungu ambao aliujua. Na kwa kuwa maneno yalikuwa ya kweli kwa wale wawili, yakawafaa maelfu. Kijana wa Rubaya au wa Pinga anayeuliza, “Niandikie nani?”, jibu lipo hapo. Mwandikie mtu mmoja unayemjua: dada yako aliyeacha shule, rafiki aliyepoteza wazazi, mama mwenye kibanda cha kuuza maharagi. Ukimfaa huyo, wengine watajikuta ndani ya maneno yako.

Karani wa posta wa Stanleyville

Turudi Kongo. Mwaka 1944 kijana mmoja kutoka Onalua, katika Sankuru, alifika Stanleyville, mji tunaouita leo Kisangani. Kabla ya hapo alikuwa amefanya kazi Maniema, Kalima, katika kampuni ya madini. Shule yake haikuwa ndefu. Alipata kazi ya ukarani katika posta. Jina lake lilikuwa Patrice Lumumba.

Watu wanamjua Lumumba wa 1960, waziri mkuu na hotuba zake. Wachache wanamkumbuka Lumumba wa miaka kumi kabla ya hapo, mtu aliyekuwa akisoma kila kitu kilichofika mkononi mwake na kuandika bila kuchoka. Wakati ule serikali ya Wabelgiji iliruhusu magazeti machache ya Wakongomani waliosoma. Kubwa kati yake lilikuwa La Voix du Congolais, lililoanza 1945 huko Léopoldville chini ya Antoine-Roger Bolamba. Serikali ililiangalia kwa karibu. Si kila neno lingeweza kupita. Lumumba alituma makala humo na katika gazeti la La Croix du Congo. Pia alijihusisha na vyama vya Stanleyville, kikiwemo chama cha wafanyakazi wa posta, ambacho kilikuwa na jarida lake, L’Écho postal.

Makala zake za mwanzo si zile ambazo watu wangetarajia. Aliandika kama mtu aliyetumaini kwamba Wabelgiji na Wakongomani wangeishi katika umoja mmoja, iwapo tu ubaguzi ungeondolewa. Hata kitabu alichoandika 1956, « Le Congo, terre d’avenir, est-il menacé ? », kilikuwa bado na wazo hilo. Miaka miwili baadaye, mwezi wa Desemba 1958, alirudi kutoka kwenye mkutano wa Waafrika wa Accra, akasimama Léopoldville mbele ya watu akidai uhuru. Kitabu chake kilitoka 1961, baada ya yeye kuuawa tarehe 17 Januari mwaka huo. Kilipotoka, mwenyewe alikuwa amekwisha kupita mbali kuliko maneno yaliyokuwa ndani yake.

Wengine husema hilo ni aibu: mbona aliandika hivi, halafu akasema vile? Ukweli ni kwamba huo ndio ushahidi wa mtu aliyekuwa akikua. Kama asingeandika mwaka 1950, asingeona mwaka 1958 ni wapi fikra zake zilikuwa fupi. Anayeogopa kuandika leo kwa sababu hajajua yote hatajua kamwe, kwa kuwa hatakuwa na kitu cha kulinganisha. Kwa hiyo usifute maandishi yako ya zamani. Weka tarehe, yaache, uendelee.

Mfanyakazi wa nyumbani aliyeandika historia ya mji

Lumumba aliandika Kifaransa, lugha ya ofisi. Je, yule asiyejua Kifaransa vizuri akae kimya? Jibu linatoka Elisabethville, leo Lubumbashi.

Mwaka 1965, chama cha watu waliowahi kufanya kazi za nyumbani kwa Wazungu katika mji ule kiliamua kuacha kumbukumbu. Mmoja wao, André Yav, aliandika maandishi ya kurasa zaidi ya thelathini. Jina la maandishi lilikuwa la Kifaransa, Vocabulaire de ville de Elisabethville, lakini ndani yake mlikuwa na Kiswahili kama kinavyosemwa Katanga, bila kujali sarufi ya vitabuni. Alieleza namna mji ulivyoanza, namna Wazungu walivyowatendea watu, mishahara, adhabu, majina waliyopewa mabwana kwa siri, na mambo ambayo mtu anayepika jikoni anayasikia lakini hayaandikwi na maofisa.

Maandishi yale yalichapwa kwa mashine ndogo ya kurudufu, yakasambazwa kwa wachache. Mtaalamu mmoja, Johannes Fabian, alikutana nayo, na mwaka 1990 yakatolewa tena kama kitabu huko Amsterdam, pamoja na maelezo. Wanahistoria wanayahesabu kuwa hazina, kwa sababu yanaeleza ukoloni kutoka upande wa aliyetumikishwa.

Kama André Yav angesema, “Nitangoje mpaka nijue Kiswahili sanifu,” au, “Nitangoje mtu aliyesoma aandike kwa niaba yetu,” tusingekuwa na chochote. Aliandika kwa lugha aliyokuwa nayo. Somo hilo ni kubwa kwetu, ambao Kiswahili chetu huchanganyika na Kihunde, Kinyanga, Kinyarwanda, Kitembo, Kikumu, Kirega na Kifaransa, na ambao mara nyingi tunachekwa na watu wa pwani. Lugha itanyooka kwa kutumiwa. Ikibaki mdomoni tu, haitanyooka.

Kutoka kaye mpaka intaneti

Mwanzoni mwa miaka ya 2000 ilitokea njia mpya: mtu aliweza kuwa na gazeti lake mwenyewe bila kiwanda cha uchapaji na bila ruhusa ya mhariri. Kati ya watu wa mwanzo kabisa kuandika blogu kwa Kiswahili ni Ndesanjo Macha, Mtanzania mwandishi wa habari na mwanasheria, aliyekuwa akiishi Marekani. Aliiita blogu yake Jikomboe. Jina lenyewe ni somo: jikomboe mwenyewe, kwa akili yako. Wakati watu wengi waliamini intaneti ni ya Kiingereza, yeye aliandika Kiswahili, akawahimiza wengine kufanya vivyo hivyo, na akachangia sana Wikipedia ya Kiswahili ilipokuwa bado changa.

Mwaka 2005 Muhidin Issa Michuzi, mpiga picha wa gazeti huko Tanzania, alianzisha blogu ya picha na habari fupi: harusi, misiba, mikutano, watu wa mitaani. Hakuwa na falsafa kubwa. Alikuwa na jambo moja: alirudi kila siku. Watanzania waliokuwa mbali na nyumbani wakajua kwamba wakifungua hapo watakuta jipya. Kuaminiwa kunajengwa hivyo, kidogo kidogo, kama mwenye duka anayefungua mlango kila asubuhi.

Halafu ikaja Kenya. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 machafuko yalizuka, na taarifa za kweli zikawa haba. Ory Okolloh, mwanasheria aliyekuwa na blogu yake, alianza kukusanya habari kutoka kwa wasomaji, akapendekeza itengenezwe ramani ya kuonyesha yanayotokea. Mwezi wa Januari 2008 yeye na wenzake wakaianzisha, wakaipa jina la Kiswahili: Ushahidi. Kabla ya mwaka huo kwisha, chombo hicho kilijaribiwa pia kwa habari za mashariki mwa Kongo. Kutoka blogu ya mtu mmoja kikatoka chombo kilichotumika katika nchi nyingi za dunia. Lakini historia hiyo ilionyesha pia hatari: habari inayotumwa na kila mtu inahitaji kuhakikishwa, la sivyo uvumi unavaa nguo za ukweli.

Hapa kwetu, redio ndiyo iliyotangulia. Radio Okapi ilianza 25 Februari 2002, ikisema kwa Kifaransa na kwa lugha nne za taifa, Kiswahili kikiwemo. Redio za jamii zilikuwa karibu zaidi na vijiji. Kisha vijana wa Kongo wakaanza kuandika wenyewe; Habari RDC, jukwaa lililowakusanya wanablogu wa sehemu mbalimbali za nchi, ni mfano mmoja. Kwa hiyo kijana wa Masisi anayeanza leo haingii msitu usio na njia. Wengine wamepita.

Yanayotuhusu sisi leo

Sasa tuyakusanye. Watu hawa hawakufanana. Lakini njia yao inafanana katika mambo manne.

La kwanza, walianza na walichokijua. Shaaban Robert na watoto wake, Yav na jikoni, Rureke na Mwindo. Mtu wa Masisi anajua mambo ambayo hakuna kitabu cha mbali kinachoyajua: namna ya kutunza akiba kidogo wakati unaweza kukimbia usiku wowote, namna ya kuendelea kusoma bila kitabu, namna mama watano wanavyochanga fedha kwa zamu mpaka kila mmoja anapata mtaji, namna ya kuishi na jirani ambaye ndugu zake na ndugu zako walipigana. Hayo ndiyo mashauri ya maisha. Andika hayo.

La pili, walirudi tena na tena. Hakuna aliyejulikana kwa makala moja. Afadhali kuandika nusu ukurasa kila Jumamosi kwa mwaka mzima kuliko kurasa kumi siku moja. Kama hakuna umeme wala mega, kaye na biki vinatosha. Blogu inaweza kungoja mtandao, fikra haingoji. Siku ukipata simu iliyochajiwa, unanakili.

La tatu, walikubali kusahihishwa. Wasomaji wa Mambo Leo walikosoana waziwazi. Lumumba alibadilika. Mwindo alifundishwa na mvua. Kabla ya kutoa andiko lako, lisome kwa sauti mbele ya watu wawili: mmoja aliyesoma kuliko wewe, mwingine ambaye hakusoma. Wa kwanza ataona makosa ya lugha na ya habari. Wa pili ataona mahali ulipojidai. Akikuuliza, “Mwanangu, hapa ulitaka kusema nini?”, hapo ndipo pa kuandika upya. Kwetu wengi wanasikiliza kuliko wanaosoma, kwa hiyo andiko lisilosomeka kwa sauti halitafika mbali.

La nne, walichunga ukweli. Hapa mimi na wewe, tunaoishi katika vita, tuna mzigo mzito kuliko wa Shaaban Robert. Neno moja la uongo katika kundi la WhatsApp linaweza kuziweka familia elfu barabarani usiku. Usiandike jambo la vita ambalo hukuliona wala hukulihakikisha kwa watu wawili au watatu wasiotegemeana. Usitaje jina wala picha ya mtu aliyetendewa ubaya, hasa mama au msichana aliyebakwa. Jina lake ni lake. Usitaje watu walipojificha. Na usiwahesabu watu wa kabila fulani wote kuwa wabaya kwa sababu ya waliofanya ubaya. Blogu ya kujenga watu haiwezi kujengwa juu ya chuki.

Kuna jambo moja ambalo familia zilizohama zinapaswa kulifikiri hata kama hazitaki blogu yoyote. Andikeni kaye ya nyumba. Majina ya watoto na tarehe na mahali walipozaliwa. Majina ya mababu mpaka mnapoweza kufika. Shule ambayo mtoto alisoma na darasa alilofikia. Mipaka ya shamba na majina ya majirani wa pande zote nne, kwa sababu katika Masisi wengi wetu tunajua ni ugomvi gani unaotokana na shamba lisilo na karatasi. Nyimbo za bibi. Hiyo si ya kutangaza. Ni ya kuficha vizuri, kuifunga katika plastiki isilowe, na nakala yake kukaa kwa ndugu aliye mahali pengine. Mwanzoni mwa 2024 wakaaji wa Sake walikimbia mji wao, na mwanzoni mwa 2025 kambi kubwa zilizokuwa pembezoni mwa Goma ziliondoka katika siku chache. Katika mikimbio kama hiyo mtu anabeba mtoto, godoro na sufuria. Kaye ni nyepesi kuliko sufuria.

Na wewe kijana unayesema, “Mimi nani hata niandike?”, kumbuka kwamba karani wa forodha, karani wa posta na mfanyakazi wa nyumbani wa Elisabethville wangeweza kuuliza vilevile. Hakuna aliyewapa cheo cha uandishi. Walipata cheo hicho kwa kuandika, na kwa kuwa watu waliosoma maneno yao walijisikia wamesaidiwa.

Kwa hiyo, kabla ya kutafuta jina zuri la blogu, na kabla ya kuomba mtu akutengenezee kurasa zenye rangi, chukua kaye leo jioni. Andika tarehe. Andika mahali ulipo, kama si hatari. Chagua mtu mmoja unayempenda ambaye ana shida moja unayoifahamu. Mwandikie nusu ukurasa kwa Kiswahili chako jinsi kilivyo. Kesho msomee mtu. Jumamosi ijayo rudia. Ukifika mara kumi bila kuacha, hapo ndipo utafute simu na mtandao, maana utakuwa na kitu cha kuwapa watu, nao watakuwa na sababu ya kurudi.